Kusakinisha hifadhidata ya kimahusiano kwenye seva: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu PostgreSQL, MySQL na MariaDB, programu tatu za hifadhidata zinazopanga data kwa majedwali, kwenye seva ya Linux. Kusakinisha kwenyewe ni amri moja au mbili na dakika chache za kusubiri. Kazi iko kwenye mambo machache yanayoamuliwa siku ile ile ya kwanza, mara nyingi bila msakinishaji kujua kwamba yameamuliwa, na ambayo baadaye hayabadiliki mpaka uhamishe data yote. Ndiyo maana majibu mengine hapa ni marefu na mengine ni mstari mmoja.

Nichague ipi kati ya hizo tatu?

Kama programu utakayoiendesha imeshataja hifadhidata yake, swali limekwisha. WordPress inataka MySQL au MariaDB, usijaribu kuishindanisha. Kama uko huru kuchagua, mimi ningeanza na PostgreSQL, na sababu yangu kubwa si kasi. Ni kwamba mabadiliko ya muundo wa majedwali yanaingia ndani ya muamala kama kazi nyingine yoyote: ukiandika `BEGIN`, ukabadilisha majedwali matatu, la nne likagoma, `ROLLBACK` inarudisha yote yalivyokuwa. MySQL na MariaDB kila `ALTER TABLE` zinaithibitisha papo hapo, kwa hiyo ukikwama katikati unabaki na muundo nusu wa zamani nusu mpya, na ni wewe utakayeusafisha kwa mkono.

Kama data yako inatumiwa na programu moja kwenye mashine moja, jiulize kwanza kama unahitaji seva ya hifadhidata hata kidogo. SQLite haisakinishwi kama huduma. Ni faili tu.

MySQL na MariaDB si kitu kimoja?

Zilikuwa. MariaDB ilichipuka kutoka MySQL mwaka 2009, ikiongozwa na Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL yenyewe, wakati Oracle ikiwa mbioni kuinunua Sun Microsystems iliyokuwa ikiimiliki MySQL. Tangu hapo kila moja imekwenda njia yake. Safu wima ya aina ya JSON ndani ya MySQL huhifadhiwa kwa muundo wake maalumu wa mfumo jozi (binary). Ndani ya MariaDB JSON ni jina jingine tu la LONGTEXT, yaani maandishi marefu ya kawaida. Nakala iliyotolewa MySQL 8.0 ukiipeleka kwenye MariaDB nyingi utakutana na `Unknown collation: 'utf8mb4_0900_ai_ci'`, kwa sababu hiyo ni kanuni ya upangaji (inayoamua neno lipi litangulie lipi) iliyokuja na MySQL 8.0. Amri ya kuingilia inafanana na poti ni ile ile 3306, lakini usiwe na mazoea ya kuzibadilishana.

Kumbuka pia kwamba kwenye Debian, ukisakinisha `default-mysql-server` unapata MariaDB. Wengi hugundua hilo baada ya muda mrefu.

Seva ndogo kiasi gani inatosha?

PostgreSQL kwa mipangilio yake ya chaguomsingi inaishi vizuri kwenye RAM ya GB 1. MySQL 8 inaishi pia, lakini kwa kubanana, na ukiiweka pamoja na programu ya wavuti kwenye seva hiyo hiyo, siku moja utakuta huduma imezimika bila maelezo. Angalia `dmesg`: kwa kawaida Linux yenyewe ndiyo iliyoiua ili kuokoa kumbukumbu, na huwa inachagua mchakato unaokula zaidi, ambao ni hifadhidata. Kuongeza swap (sehemu ya diski inayotumika kama RAM ya ziada) ya GB 1 au 2 kunapunguza ajali hizo, ingawa si dawa ya kudumu.

Pesa ikiwa kidogo, itumie kwenye RAM na diski ya SSD kabla ya kuongeza viini vya prosesa.

Nitumie vifurushi vya mfumo endeshi au hazina (repository) ya watengenezaji?

Vya mfumo endeshi, isipokuwa una sababu. Debian 12 inakuja na PostgreSQL 15, Ubuntu 24.04 inakuja na 16, na masahihisho ya usalama yanaingia pamoja na ya mfumo mzima. Sababu nzuri ya kwenda kwenye hazina ya watengenezaji ni kutaka toleo jipya zaidi, au kutaka seva zenye mifumo tofauti ziwe na toleo moja. PostgreSQL inayo `apt.postgresql.org` kwa Debian na Ubuntu, na nyingine kwa jamii ya Red Hat.

Kilichokosa sababu ni kujenga kutoka msimbo chanzo kwenye seva ya kazi. Unajifunza mengi, ni kweli, lakini siku tundu la usalama linapotangazwa utakuwa peke yako.

Namba za matoleo zinasomwaje?

Kwa PostgreSQL, tangu toleo la 10 la mwaka 2017, namba ya kwanza ndiyo toleo kuu. Kutoka 16.2 kwenda 16.4 unabadilisha programu na kuwasha upya; data haiguswi. Kutoka 16 kwenda 17 muundo wa mafaili unabadilika, na lazima utumie `pg_upgrade` au utoe data na kuiingiza upya. Kila toleo kuu linahudumiwa kwa miaka 5.

MySQL sasa ina njia mbili: ya matoleo ya kukaa muda mrefu, kama 8.4, na ya vipengele vipya vinavyobadilika haraka, kama 9.0. Kwenye seva ya kazi weka 8.4. Toleo la 8.0 lilipangiwa kufikia mwisho wa huduma Aprili 2026, kwa hiyo usianze nalo mradi mpya. Na ukishapanda toleo kuu la MySQL hakuna kushuka. Mafaili ya data hayarudi nyuma.

Amri zenyewe ni zipi?

Debian na Ubuntu:

`sudo apt update`
`sudo apt install postgresql`

Jamii ya Red Hat:

`sudo dnf install postgresql-server`
`sudo postgresql-setup --initdb`
`sudo systemctl enable --now postgresql`

Kwa MySQL kwenye Ubuntu ni `sudo apt install mysql-server`, kisha `sudo mysql_secure_installation` ili kuondoa watumiaji wasio na jina na hifadhidata ya majaribio.

Tazama tofauti ya hizo njia mbili za PostgreSQL. Red Hat inakuachia wewe hatua ya kuanzisha klasta, yaani saraka ya data. Debian inaifanya yenyewe, wakati huo huo wa kusakinisha, kwa lugha na usimbaji wa herufi (namna herufi zinavyogeuzwa baiti) uliokutwa kwenye mfumo. Ni msaada mzuri, ila umeshakufanyia uamuzi ambao pengine ulitaka kuufanya mwenyewe. Swali linalofuata linaeleza.

Ni mambo gani hayabadiliki baada ya kusakinisha?

Hili ndilo swali linaloulizwa na wachache kabla na wengi baada.

La kwanza ni usimbaji wa herufi. PostgreSQL iliyoanzishwa kwenye mfumo wenye `LANG=C` inaweza kuzaliwa na usimbaji wa `SQL_ASCII`, ambao maana yake ni kwamba hifadhidata haikagui chochote: baiti yoyote inaingia. Mwaka mmoja baadaye una majina yaliyoandikwa kwa UTF-8 na mengine kwa Latin-1 ndani ya jedwali moja, na hakuna amri ya kuyatenganisha. Kwa upande wa MySQL mtego ni jina `utf8`. Ndani ya MySQL, `utf8` ya zamani inabeba baiti 3 tu kwa herufi, wakati emoji na baadhi ya herufi za Kichina zinahitaji 4. Unayoitaka ni `utf8mb4`. Tangu 8.0 hiyo ndiyo chaguomsingi, lakini miongozo ya zamani bado inazunguka, na watu bado wananakili `CHARACTER SET utf8` kutoka humo.

La pili ni kanuni ya upangaji wa maneno, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu limewaumiza hata wazoefu. Kwa kawaida PostgreSQL huiuliza maktaba ya C ya mfumo endeshi neno lipi litangulie lipi, kisha hujenga faharasa zake (orodha za kutafutia data haraka) kwa kufuata jibu hilo. Agosti 2018 ilitoka glibc 2.28, toleo jipya la maktaba hiyo, iliyobadilisha majibu hayo kwa kiasi kikubwa. Aliyepandisha seva kutoka Debian 9 kwenda 10, au Red Hat 7 kwenda 8, na kuacha saraka ya data kama ilivyo, alibaki na faharasa zilizopangwa kwa kanuni ya zamani zikisomwa kwa kanuni mpya. Hakuna onyo la kutisha lililotokea. Ulizo (query) lilikosa safu mlalo ambazo zipo. Sharti la kipekee liliruhusu barua pepe ile ile iingie mara mbili. Tiba ni `REINDEX`, na kabla yake kuondoa marudio kwa mkono.

Ukiwa unaanza upya, njia rahisi ya kukwepa yote hayo ni kuchagua `C.UTF-8`, inayopanga kwa namba ya herufi bila kujali lugha. Toleo la 17 limeiweka ndani ya PostgreSQL yenyewe, bila kutegemea maktaba ya mfumo. Gharama yake ni kwamba herufi kubwa zote zinatangulia ndogo na `é` inakwenda baada ya `z`. Unapohitaji orodha ya kusomwa na watu, unaongeza `COLLATE` kwenye ulizo lile tu.

Kwenye Debian na Ubuntu, sakinisha kwanza `postgresql-common` peke yake, fungua `/etc/postgresql-common/createcluster.conf`, weka `create_main_cluster = false`, ndipo usakinishe PostgreSQL. Kisha anzisha klasta mwenyewe:

`sudo pg_createcluster --locale C.UTF-8 --start 17 main -- --data-checksums`

Hayo maneno ya mwisho yanawasha ukaguzi wa kurasa za data, ili diski ikiharibu kitu ujulishwe badala ya kusomewa takataka. Kuanzia toleo la 18 yamewashwa tayari. Kwa matoleo ya kabla yake, kuanzia la 12, `pg_checksums` inaweza kuuwasha baadaye, ila lazima hifadhidata izimwe kwa muda wote wa kazi.

La tatu ni la MySQL peke yake: `lower_case_table_names`. Kwenye Linux majina ya majedwali yanatofautisha herufi kubwa na ndogo; kwenye Windows hayatofautishi. Mradi uliokuzwa kwenye Windows ukiletwa Linux, `Wateja` na `wateja` vinakuwa majedwali mawili na nusu ya programu inagoma. Kuanzia 8.0 mpangilio huu unakubaliwa wakati wa kuanzisha saraka ya data tu. Ukishayavulia nguo, utayaoga.

Nimesakinisha, lakini `psql` inanikataa.

Ujumbe ni `role ... does not exist` au `Peer authentication failed`. Hakuna kilichoharibika. Kupitia soketi ya ndani (njia ya mawasiliano isiyotoka nje ya mashine), PostgreSQL haiulizi nenosiri. Inauliza Linux wewe ni nani, kisha inatafuta mtumiaji wa hifadhidata mwenye jina hilo hilo. Baada ya kusakinisha yupo mmoja tu, `postgres`, kwa hiyo:

`sudo -u postgres createuser --pwprompt mauzo`
`sudo -u postgres createdb -O mauzo mauzo`

Hiyo `-O` si pambo. Tangu toleo la 15, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuunda majedwali kwenye skima (kundi la majedwali ndani ya hifadhidata) ya `public` ila awe ndiye mmiliki wa hifadhidata. Ukiunda hifadhidata kama `postgres` na kumpa mwenzako `GRANT ALL ON DATABASE`, bado atapata `permission denied for schema public` na mtashangaana.

MySQL ya Ubuntu inafanana: `sudo mysql` inakuingiza bila nenosiri. Vifurushi vya Oracle kwenye jamii ya Red Hat, kinyume chake, vinatengeneza nenosiri la muda na kuliandika ndani ya `/var/log/mysqld.log`.

Kwa nini `localhost` inafanya kazi na `127.0.0.1` haifanyi, au kinyume chake?

Kwa MySQL, `localhost` maana yake ni soketi, na `127.0.0.1` maana yake ni TCP, yaani njia ya mtandao. Tena mtumiaji hutambulika kwa jina na mahali anapotoka, hivyo `'mauzo'@'localhost'` na `'mauzo'@'%'` ni watu wawili wenye manenosiri mawili.

Programu iko seva nyingine na haiunganishi. Nianzie wapi?

Anzia kwenye maneno ya kosa lenyewe, maana yanakuonyesha ulipofika.

`Connection refused`: umefika kwenye seva lakini hakuna anayesikiliza poti hiyo. Zote hizi, kwa vifurushi vya Debian na Ubuntu, zinasikiliza ndani tu. Badilisha `listen_addresses` kwenye `postgresql.conf`, au `bind-address` upande wa MySQL, uweke anwani ya mtandao wa ndani wa seva, kisha washa upya. Kupakia mipangilio upya hakutoshi kwa hili. Thibitisha kwa `sudo ss -ltnp`.

Kusubiri mpaka muda uishe: pakiti zinamezwa njiani. Ni ngome (firewall), iwe ya seva yenyewe au ya mtoa huduma wa wingu. Watu hufungua ya kwanza na kuisahau ya pili.

`no pg_hba.conf entry`: furahi, umeshafika mlangoni. `pg_hba.conf` ni faili la PostgreSQL linaloamua nani aingie na kutoka wapi. Ongeza mstari kama huu:

`host mauzo mauzo 10.0.0.5/32 scram-sha-256`

PostgreSQL inasoma faili hilo kutoka juu na kusimama kwenye mstari wa kwanza unaolingana, hata kama mstari huo unakataa. Ukiongeza wako chini ya ule unaokataa, hautasomwa kamwe. Hapa kupakia upya kunatosha.

Naweza kufungua 5432 au 3306 kwa intaneti nzima?

Hapana. Poti hizo zinapekuliwa na roboti mchana na usiku. Ukitaka kuingia ukiwa mbali, pitia SSH:

`ssh -L 5433:localhost:5432 mtumiaji@seva`

Kisha unganisha programu yako na `localhost:5433`.

Vipi nikitumia Docker, yaani kuiendesha hifadhidata ndani ya kontena?

Inafaa, ukijua mambo matatu. Data lazima ikae kwenye voliumu yenye jina, la sivyo siku utakayofuta kontena utajikuta ukiitafuta. `POSTGRES_PASSWORD` inasomwa mara ya kwanza tu, saraka ya data ikiwa tupu. Kuibadilisha baadaye kwenye faili la mipangilio hakubadilishi nenosiri. Na la hatari zaidi: ukiandika `-p 5432:5432`, Docker inajipitishia njia yake kwenye iptables, ngome ya ndani ya Linux, na kanuni zako za `ufw` hazitaizuia. Andika `-p 127.0.0.1:5432:5432`.

Nibadilishe mipangilio gani ya kumbukumbu?

Michache. Chaguomsingi ya `shared_buffers` kwa PostgreSQL ni MB 128. Kwenye seva ya hifadhidata peke yake anza na robo ya RAM. Iliyobaki haipotei, Linux inaitumia kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni. Kwa MySQL `innodb_buffer_pool_size` nayo ni MB 128, na hapa unaweza kwenda nusu ya RAM au zaidi, kwa sababu InnoDB, injini ya MySQL ya kuhifadhi data, inategemea sana kumbukumbu yake yenyewe.

Jihadhari na `work_mem`. Ni MB 4 na inaonekana ndogo, lakini si ya seva nzima: kila hatua ya kupanga au kuunganisha, ndani ya kila ulizo, inaweza kuchukua kiasi hicho. Miunganisho 100, ambayo ndiyo kikomo cha chaguomsingi, mara hatua tatu, mara MB 256 uliyoiona kwenye ushauri fulani: piga hesabu mwenyewe. Miunganisho ikizidi, weka mbele PgBouncer, programu inayogawa miunganisho michache kwa watumiaji wengi, badala ya kuongeza `max_connections`.

Nataka data ikae kwenye diski nyingine.

Zima huduma, nakili kwa `rsync -a`, elekeza `data_directory` au `datadir` kwenye njia mpya, washa. Ikigoma huku ruhusa za mafaili ziko sawa, mhusika ni SELinux kwenye Red Hat au AppArmor kwenye Ubuntu kwa MySQL: wao wanaruhusu saraka wanazozijua tu. Wafundishe njia mpya, kwa `semanage fcontext` na `restorecon`, au kwenye kanuni za AppArmor. Usizime ulinzi mzima kwa ajili ya saraka moja.

Tengeneza pia saraka ndogo ndani ya diski mpya badala ya kutumia kilele chake, ambapo `lost+found` inakaa na kuleta ugomvi.

Huduma inasema iko hai, lakini hakuna kinachounganika.

Kwenye Debian na Ubuntu, `systemctl status postgresql` huonyesha `active (exited)` hata klasta ikiwa imekufa, kwa kuwa huduma hiyo ni mwavuli tu. Uliza yenyewe: `systemctl status postgresql@16-main`, au `pg_lsclusters`. Sababu halisi utaikuta mwishoni mwa logi ndani ya `/var/log/postgresql/`. Kama ni diski iliyojaa, futa logi za kale, panua diski, hamisha chochote kingine. Usifute faili hata moja ndani ya `pg_wal`, saraka ya rekodi za mabadiliko ambazo PostgreSQL inazihitaji ili data isiharibike. Jina lake la zamani lilikuwa `pg_xlog`, na lilibadilishwa katika toleo la 10 kwa sababu watu walidhani ni logi za kawaida wakazifuta pamoja na data zao.

Nakala rudufu naanza lini?

Siku hiyo hiyo. `pg_dump` kwa kila hifadhidata, na `pg_dumpall --globals-only` kwa watumiaji, kwani `pg_dump` haiwachukui. MySQL: `mysqldump --single-transaction`. Kunakili saraka ya data kwa `cp` huku huduma ikiendelea kuandika hakukupi nakala. Kunakupa mafaili yasiyopatana. Rejesha nakala kwenye seva nyingine mara kwa mara uone kama inasimama.

Saa za eneo niweke zipi?

UTC kwenye seva, `timestamptz` kwenye majedwali ya PostgreSQL.

Nikiondoa kifurushi data inafutika?

`apt remove` inaiacha. `apt purge` inakuuliza kama ifute. Soma swali kabla ya kubonyeza.

Nimepandisha toleo la Debian na sasa nina PostgreSQL mbili.

Ni kawaida. Mfumo umesakinisha mpya pembeni ya ya zamani, na kwa kuwa 5432 ilishachukuliwa, mpya ikachukua 5433. Programu zako bado zinatumia ya zamani, na mpya ni tupu. Hakikisha kwa `pg_lsclusters` ipi ni ipi, chukua nakala rudufu, kisha:

`sudo pg_dropcluster --stop 17 main`
`sudo pg_upgradecluster 15 main`

Ya kwanza inaondoa klasta mpya tupu ili kuacha nafasi, ya pili inahamisha data na kubadilishana poti. Kwa chaguomsingi inahamisha kwa kutoa na kuingiza upya, hivyo faharasa zinajengwa tena na lile tatizo la glibc halikufuati. Ukichagua njia ya haraka ya `-m upgrade`, endesha `REINDEX` mwenyewe. Ile ya 15 haifutwi. Iache imezimwa kwa siku kadhaa, na ukiridhika, `sudo pg_dropcluster 15 main`.